Mlango wa mfupa wa samaki unaozunguka kwa beringi: jinsi ya kuutengeneza mwanzo hadi mwisho

Mlango wangu wa kwanza mkubwa ulipasuka usiku. Niliutengenezea hapa Kisumu mwezi wa tano, mvua kila jioni, alafu nikaupakia kwa pikapu nikaupeleka Nakuru kwa dada yangu aliyekuwa amemaliza kujenga, na nilikuwa najiona fundi kwelikweli manake ulikuwa mvule mtupu, paneli pana, yaani zile mbao za kujaza katikati ya fremu, na nilikuwa nimezipaka gundi pande zote nne zikashika kama simiti. Mwezi wa kwanza akanipigia simu alfajiri. "We kaka, mlango wako umelia usiku kama bunduki, watoto wote wako kitandani kwangu." Nilipofika nikakuta ufa katikati ya paneli ya juu, mrefu kama mkono wangu, ukiingiza sarafu ya shilingi kumi inapita kabisa inaangukia sebuleni.

Kosa halikuwa la mvule wala la Nakuru. Kisumu iko mita 1,131 kando ya ziwa, hewa imejaa maji, mbao inayanywa na kufura. Nakuru iko kama mita 1,850, na Januari ni jua na upepo mkavu na vumbi, mbao inayatoa yale maji na kusinyaa. Ubao husinyaa kwa upana, kwa urefu ni kidogo sana huwezi hata kupima na tepu. Sasa mi nilikuwa nimeifunga kwa gundi isisinyae, ikaamua kupasuka. Tangu siku hio sichori mlango kabla sijajua mbao itasogelea wapi.

Huu mlango nitakaokuonyesha ni ule niliorudi kumtengenezea dada badala ya ule, na nimeshatengeneza mingine 2 ya aina hio baadaye. Upana ni milimita 1200, urefu 2386, unene 45. Uso wake umepangwa vipande vya mbao kama mfupa wa samaki, mshikio ni kasia la boti, na hauna bawaba hata moja, unazunguka juu ya beringi zilizofichwa ndani. Watu huona huo mzunguko wakadhani ni mambo ya majuu ya magazeti ya nyumba, lakini milango ya zamani ya Lamu na Zanzibar haikuwa na bawaba, kila ubao ulikuwa na ncha juu na chini zinazoingia kwenye matundu ya kizingiti na kuzunguka humo humo. Sisi tunaongeza tu beringi na grisi.

Ubishi wangu mwingine na bawaba ni uzito. Mlango huu ukikamilika una kama kilo 75. Ukiuning'iniza kwa bawaba ubavuni, ile bawaba ya juu inavutwa nje ya fremu kwa nguvu kama ya kilo 24 saa zote, usiku na mchana, ndio maana milango mikubwa mingi hapa mjini baada ya mwaka inakwaruza sakafu. Ukiukalisha juu ya beringi iliyo milimita 300 kutoka ukingoni, uzito wote unaenda chini sakafuni na pale juu inabaki kazi ya kuuzuia usilale tu, kama kilo 9 hivi.

Tuanze na shimo la ukutani.

Kama nyumba bado inajengwa una bahati, mwambie fundi wa mawe aache nafasi ya 1335 kwa 2460, na hio 2460 ihesabiwe kutoka juu ya taili, si kutoka kwa slabu. Andika kwa ukuta kwa chaki. Sisi tumezoea futi 4 kwa 8 lakini kwa mlango wa kuzunguka tumia milimita peke yake, manake nafasi ya pembeni ni milimita 6 na ukichanganya inchi na milimita utalia. Kama nyumba imeisha, pima upana sehemu 3, pima urefu sehemu 3, alafu pima kona kwa kona zote 2. Zikitofautiana zaidi ya milimita 10 usidanganyane na nafsi yako eti fremu itaficha, ita fundi arekebishe plasta kwanza.

Angalia pia mvua inapiga kutoka upande gani. Mlango wa kuzunguka hauzibi maji kama wa bawaba, huo ndio ukweli, kwa hivyo lazima kuwe na kibaraza chenye paa linalotokeza angalau mita moja na sakafu ya nje iwe chini ya ile ya ndani kwa milimita 15 au 20 na iteremke kwenda nje. Kama mlango wako unatazama ziwa bila paa mbele, fanya wa bawaba, mi sitakasirika.

Mbao sasa, na hapa usiwe na haraka.

Fremu ya mlango, yaani zile nguzo 2 za kusimama tunazoita staili na zile za kulala tunazoita reli, mi hutumia mvule. Hauliwi ovyo na mchwa, hautembei sana, na rangi yake inaanza kama manjano chafu alafu jua likiupata unakuwa kahawia tamu. Shida zake ni 2. Vumbi lake linawasha pua na kifua, kuna mafundi hulipata wakashindwa kupumua, kwa hivyo vaa barakoa ya maana, si leso. Alafu ndani ya mvule huwa kuna mawe, ndio, mawe kabisa, chokaa iliyoganda ndani ya mti, huyaoni mpaka blade ya randa ikatike. Mi nikiona alama nyeupe kwenye ubao naichimba na ncha ya patasi kuukuu kabla sijaupeleka kwa mashine, manake ukiharibu blade za mwenye mashine atakulipisha na wewe huna la kusema.

Mvule mwingi tunaouona huku unatoka upande wa Uganda na Kongo. Ya hapa kwetu ilikuwa ngumu kupata tangu 2018 serikali iliposimamisha ukataji kwenye misitu ya umma, mpaka 2023 Rais Ruto akatangaza akiwa Molo kwamba marufuku imeondolewa. Ukinunua ya kubeba mbali uliza risiti na kibali cha kusafirisha, usije ukalala kwa kizuizi Mau Summit na mbao za watu.

Kwa vile vipande vya mfupa wa samaki unachanganya rangi. Upande wa nje weka mvule na mbao za boti kuukuu. Pale Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, boti ikishazeeka mwenyewe huuza mbao zake kwa wapika samaki waziwashe, ukifika mapema mnaelewana. Imegeuka kijivu, ina matundu meusi ya misumari, hakuna vanishi inaweza kukupa rangi hio. Pitisha sumaku ya spika mbovu polepole juu ya kila ubao, pande zote, ikinasa kuna msumari umevunjikia ndani. Sugua mchanga wote utoke kwa brashi ya waya na maji, alafu anika kivulini wiki 2 au zaidi. Harufu itapungua. Siahidi itaisha, shemeji yangu huapa kwamba ikinyesha mlango unanuka samaki wa mbuta. Upande wa ndani unaweza kuweka jakaranda, nyepesi, nyeupe kama maziwa yaliyochachuka, inapendeza kando ya mvule, lakini usiithubutu nje, wadudu na mvua wataimaliza.

Ukavu. Usiamini muuzaji akikwambia "hii ni drai kabisa boss". Kata kipande cha ukubwa wa kiganja, si mwisho wa ubao bali futi moja au mbili ndani, kipime kwa ile mizani ndogo ya jikoni. Tuseme ni gramu 250. Kiweke kwa oveni ya kama digrii 103, kitoe kila baada ya masaa machache ukipime, kikifika mahali hakipungui tena andika, tuseme 220. Toa: 30. Gawa 30 kwa 220, ni asilimia 13.6. Ya kupeleka Nakuru nataka 10 mpaka 12, ya Kisumu hata 13 naichukua. Ikiwa juu ya 16 rudisha au ipange: vipande vya inchi moja katikati ya kila safu, kila futi 2, vikae kwa mstari mmoja juu mpaka chini, miisho ya mbao ipakwe rangi isikauke haraka ikapasuka, na juu uweke mawe. Mbao mbichi inataka kama mwaka kwa kila inchi ya unene. Najua hakuna mtu ana mwaka. Ndio maana tunanunua iliyokaa stoo.

Na ikishafika, iache ndani ya ile nyumba ambayo mlango utakaa wiki 2 au 3 kabla ya kuikata. Kama ningefanya hivyo mwanzo dada angelala.

Sasa orodha ya kukata. Staili 2 za 150 kwa 45, zikate urefu wa 2430 utapunguza mwishoni. Reli 3 zenye urefu wa 1060, ya juu upana 150, ya katikati 150, ya chini 250. Hio 1060 ni 900 inayoonekana pamoja na ulimi wa 80 kila upande, ile ncha inayoingia kwenye tundu la staili. Ulimi unene wake ni theluthi ya mbao, yaani 15. Reli ya chini ni pana, usiweke ulimi mmoja wa upana wote, fanya ndimi 2 na nafasi katikati, la sivyo staili itabaki haina nyama ya kushika kitu.

Chora matundu yote ya staili mbili zikiwa zimelazwa pamoja, uso kwa uso, ili zifanane. Anza na drili kutoa nyama, malizia na patasi kali. Ulimi uingie kwa kusukumwa na kiganja na kugongwa kidogo, ukihitaji nyundo nzito ni mkubwa, ukiingia wenyewe ni mdogo na gundi haitakusaidia. Nilimwachia kijana wangu wa kazi tundu la kwanza akalichimba mpaka upande wa pili ukatokea, tukaangaliana, nikamwambia basi hilo sasa ni tundu la kupitia, weka kabari ya jakaranda mwishoni ionekane kama ni mtindo, na mpaka leo wageni wa dada huuliza kuhusu hio kabari kuliko kitu kingine chochote.

Kisha ukimbize mfereji wa upana wa 12 na kina cha 15 kwenye kingo za ndani za staili na reli zote, kwa raota, ile mashine ya umeme ya kuchimba mifereji, au kwa randa ya mfereji. Humo ndio paneli itakaa, bila gundi.

Paneli yenyewe. Moyo wake ni maraini plai, ile plaiwudi inayovumilia maji, ya milimita 12, manake plai haisogei kama ubao. Ya juu kata 920 kwa 1156, ya chini 920 kwa 720. Pande zote itaingia milimita 10 kwenye mfereji wa 15, zile 5 zinazobaki ni za kupumulia. Juu ya plai, pande zote mbili, ndio unagundisha vipande vya upana wa 60, urefu wa 300, unene wa 10. Vipande viishie pale mfereji unapoanza, usivipeleke mpaka ukingo wa plai.

Vitahitajika kama 230 ukihesabu na vitakavyoharibika. Usipime kimoja kimoja. Funga kizuizi kwa meza ya msumeno, sukuma, kata, sukuma, kata, vyote vitoke ndugu. Tofauti ya nusu milimita kwenye kipande cha kwanza itakuwa sentimita nzima ukifika kipande cha 20 na mfupa wa samaki utaonekana ni samaki aliyegongwa na gari.

Chora mstari wa katikati ya plai kutoka juu mpaka chini kwa uzi wa chaki, na mwingine wa digrii 45 ukiukata. Kipande cha kwanza kinakaa kwenye ule wa 45, cha pili kinakuja kukigonga ubavuni kwa pembe mraba, cha tatu kinarudi upande wa kwanza, unapanda hivyo hivyo. Panga vyote bila gundi kwanza, simama mbali, angalia rangi, mbao za boti zisirundikane sehemu moja. Mi hupanga za kijivu zianze nyingi chini na kupungua kadiri unavyopanda, inakuwa kama maji yanayokauka ukutani. Piga picha na simu alafu ndio utoe na uanze gundi.

Kati ya kipande na kipande acha nafasi ya kadi ya benki, chomeka kadi, bana, toa kadi. Hio nafasi ndogo ndio inafanya kipande kifure na kisinyae bila kumsukuma mwenzake. Gundi iwe ile isiyoyeyuka kwa maji, angalia mkebe umeandikwa D3 au D4. Mvule una mafuta, kwa hivyo futa mgongo wa kila kipande na thina dakika chache kabla ya gundi, kitambaa kikitoka na rangi ya chai usishangae. Weka plai nyingine nzee juu na mawe ya kujengea, acha usiku kucha.

Na hili tafadhali: upande wa pili ugundishe kesho yake, usingoje wiki ijayo. Ukiacha plai na mbao upande mmoja peke yake itajikunja kama chapati iliyosahaulika kwa kikaango. Unene wa nje na wa ndani uwe sawa, hata kama ndani hakuna mtu ataangalia.

Kuunganisha ni dakika 20 za presha, kwa hivyo fanya mazoezi makavu kwanza, kila kitu kikae na klampu zote zifungwe bila gundi. Ukiwa tayari, paka gundi kwenye ndimi na matundu tu, ingiza reli kwenye staili ya kwanza, telezesha paneli, leta staili ya pili, klampu 4 ndefu, 2 juu na 2 chini ya mlango ili usijipinde. Pima kona kwa kona. Zikitofautiana, sogeza klampu kidogo kwa mshazari upande ulio mrefu. Lala chini uangalie mlango kwa ukingo kama mtu anayechungulia bunduki, ukiona kona moja imenyanyuka rekebisha saa hio hio, gundi ikishakauka ni huzuni ya maisha. Gundi isiguse paneli. Nimesema mara ngapi sasa?

Ikikauka toboa kila kiungo na ugonge vigingi 2 vya mvule. Na sasa fikiria hesabu hii: kama mlango mzima ungekuwa mbao zilizounganishwa kwa upana wa 1200, kutoka masika mpaka kiangazi ungetembea milimita 8 hadi 10. Huu wetu zinazotembea ni zile staili 2 tu, milimita 2 hivi zote pamoja, manake reli zimelala kwa urefu wake na paneli inaelea. Ndio siri ya ile nafasi ya milimita 6.

Chuma. Hapa tafuta fundi wa lethi, ile mashine ya kuchonga chuma kikizunguka, jua kali yoyote iko na mmoja, na umpe mchoro, usimweleze kwa mdomo.

Ya chini: bamba la 100 kwa 100, unene 8, na shafti ya 22 imesimama katikati, imechomelewa wima kabisa. Urefu wa hio shafti ya 22 kutoka juu ya bamba ni 23, alafu ncha ipunguzwe iwe 17 kwa urefu wa 9, ili beringi ikalie begani. Beringi ni 51103, ile ya kubeba uzito kutoka juu, 17 ndani, 30 nje, kimo 9, ipo maduka ya spea. Ndani ya mlango inakaa bloku ya chuma ya upana 44, urefu 120, kimo 40, yenye tundu la 30 lisilotokea juu. Beringi inaingia kwanza, alafu chini yake bushi ya shaba, yaani pete nene, yenye tundu la 22 na kimo cha 15. Beringi inabeba, bushi inashika isiyumbe. Nimeweka beringi ndani ya mlango ikitazama chini na shafti ikabaki sakafuni kwa sababu moja, maji na mchanga havipandi juu. Mwanzoni nilifanya kikombe sakafuni, baada ya miezi 3 kilikuwa na supu.

Ya juu: kwenye kichwa cha fremu ya ukutani unachimba tundu la beringi 6203, 40 kwa 12. Kwenye reli ya juu ya mlango unaweka bamba lenye nati ya 20, na ndani yake bolti ya 20 ambayo ncha imechongwa kuwa 17. Kisha unafungua kidirisha cha sentimita 6 kwa 10 kwenye reli hio upande wa ndani, ili spana iingie kuizungusha bolti ipande mpaka kwenye beringi. Kidirisha kina kifuniko cha mvule cha skrubu 2.

Alama ya katikati ya beringi, ya juu na ya chini, zote ni milimita 300 kutoka ukingo mmoja wa ubavuni wa mlango na katikati ya unene. Huo wa 300 ndio naita upande mfupi, ule wa 900 unaobaki ndio upande mrefu. Hapa watu huogopa kona zitagonga fremu mlango ukizunguka. Piga hesabu: nusu ya unene ni 22.5, umbali ni 300, kona inafika 300.8 tu. Haijazidi hata milimita 1 na tuna 6.

Fremu ya ukutani ni sita kwa mbili iliyopigwa randa ikabaki 45, ndani iache 1212 kwa 2400. Simamisha kwa kabari, timazi upande mmoja na pimamaji upande mwingine, funga kwa bolti za ukutani. Bamba la sakafuni lifungwe kabla ya taili, na hapa usiniwekee kwa macho: teremsha timazi kutoka katikati ya tundu la beringi ya juu, ngoja itulie, feni izimwe na watoto watoke, na ncha ya timazi ndio katikati ya shafti. Ukikosea milimita 3 mlango utajifungua wenyewe usiku na nyumba nzima itasema ni majini.

Chimba pengo la bloku kwenye reli ya chini likipita unene wote, gonga bloku, skrubu, na pande zote mbili funika na bamba jembamba la shaba la kuzuia mateke. Msasa 80, kisha 120, kisha 180, ukifuata mwelekeo wa kila kipande, ndio, kila kipande, weka redio. Mbao za boti pitisha 180 tu kwa mkono, ukizisugua sana ile kijivu itaondoka na utakuwa umebeba mizigo kutoka Dunga bure.

Vanishi iwe ya boti, ile inayobaki laini kidogo na kuvumilia jua, koti 4 nje na 3 ndani. Pande 6 za mlango zote, pamoja na kichwa na unyayo, huko chini kusikoonekana ndiko maji huingilia. Ukitumia mafuta ya linsidi mahali popote, matambara yake usiyarundike kwa kona, yanajipasha moto yenyewe mpaka yakawaka. Yatandaze nje yakauke au yazamishe kwa ndoo ya maji.

Kasia. Tafuta la zamani lenye mikono ya watu imelilainisha, kata libaki mita 1.2, lishike kwa bolti 2 zinazopita mlango mzima, upande wa ndani weka kipande cha pili cha mvule wazi. Kasia likae kwenye staili ya upande mrefu, si kwenye paneli. Kitasa nacho huko huko, cha kawaida cha kuchimbia kinafaa, ila ulimi wake uwe wa gurudumu ili usukume mlango bila kugeuza kitu, na funguo ifunge komeo kando.

Kusimamisha kunataka watu 3. Paka grisi beringi zote, bolti ya juu iteremshwe mpaka ijifiche, inua mlango, mtu mmoja aelekeze tundu la bushi juu ya shafti, shusha polepole utasikia "tk" beringi ikikalia bega. Nyoosha mlango wima, mwenye spana apandishe bolti. Nafasi chini itabaki milimita 8, juu 6. Sukuma kwa kidole kimoja. Kidole kimoja kweli, kilo 75 zinaondoka kama pazia.

Sasa zile mbao nyembamba za kuzuia mlango usipitilize, na hapa nilijiaibisha. Kwenye mlango wa kawaida unazipigilia upande mmoja kuzunguka fremu yote, na mikono yangu ilikuwa imezoea, nikapiga zote upande wa nje, mpaka misumari ya mwisho, nikaenda kufungua na mlango ukakataa katakata. Bila shaka utakataa, ule upande mrefu ukiingia ndani ule mfupi unatoka nje! Kwa hivyo upande mrefu mbao ya kuzuia inakaa nje ya mlango, upande mfupi inakaa ndani, na pale juu inahama upande palipo na beringi. Zile za upande mmoja na mwingine ziwekee mpira. Chini chimba mfereji mwembamba chini ya mlango uweke brashi ya manyoya, isiachwe, manake kwa wa Kisumu mnajua wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama moshi wakiona taa, milimita 8 kwao ni barabara kuu.

Mwezi wa kwanza baada ya kuusimamisha, mlango utashuka kidogo, grisi inatawanyika na mbao inakaa mahali pake. Fungua kile kidirisha, pandisha bolti robo mzunguko, ongeza grisi, rudisha kifuniko. Rudia ukifika msimu mwingine, mvua kwenda jua au jua kwenda mvua, na ukiwa hapo pitisha kadi yako ya benki kwenye nafasi za pembeni kutoka juu mpaka chini. Ikikwama mahali, weka alama na penseli, usikimbilie randa, ngoja wiki 3 uone kama ni mbao imefura tu. Wa dada ulikwama Aprili pale usawa wa kitasa. Juni kadi ikapita yenyewe.